Hiyo ni ya Kufomati

Agosti 2013, siku mbili kabla ya kumzika Kogo, baba alinipa flashi yake akanituma mjini Kericho nikachapishe wasifu wa marehemu. Ilikuwa flashi nyeusi ya GB 4, imefungwa kwa kamba ya kiatu isipotee. Ndani kulikuwa na wasifu, picha za familia na folda moja iliyoitwa KOGO. Kwenye folda hiyo baba alikuwa ameweka sauti ya mamake. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akimrekodi kwa Nokia yake, jioni wakiwa jikoni, na kadi ya simu ikijaa anahamishia kila kitu kwenye flashi. Kompyuta yetu ya nyumbani, ile iliyokaa sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa kama kochi, ilikuwa imekufa diski mwaka uliotangulia. Kwa hivyo flashi ndiyo iliyokuwa nakala ya pekee.

Saiba ilijaa. Wasifu ulichapishwa, nikalipa, nikapanda matatu nikarudi. Nyumbani binamu yangu alikuja na laptopu yake tuchague picha za kuweka kwenye jeneza. Tukachomeka flashi. Kila folda ilikuwa pale kwa jina lake, lakini kila moja ilikuwa na kimshale kidogo pembeni, na kila moja ilikuwa na uzito wa KB 1. Ukibonyeza, hakuna kitu.

Kesho yake asubuhi nilirudi mjini kwa fundi mmoja aliyekuwa na meza karibu na steji. Hakuichukua hata dakika.

"Hii imeshikwa na virusi. Hiyo ni ya kufomati, boss."

"Na vitu vya ndani?"

"Vilishaenda. Si unaona ni KB moja moja?"

Nikasema sawa. Ilichukua kama sekunde kumi, na hakunitoza kitu kwa sababu nilimwambia ni ya matanga. Jioni hiyo kwaya ya kanisa ikaomba nyimbo za kupiga wakati wa kutazama mwili, nikajaza flashi ile nyimbo hadi ikakataa.

Kumbe vitu vya ndani havikuwa vimeenda popote.

Nimekuwa nikitaka kuandika jinsi virusi vya kompyuta vilivyofika huku kwetu kwenye chai, na kila nikianza najikuta naandika juu ya fundi huyo na mimi mwenyewe. Labda ni sawa. Nikitazama nyuma naona kwamba, katika nyumba nyingi ninazozijua, virusi vyenyewe viliharibu kidogo. Kilichoharibu ni tiba.

Kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya PC kilitoka Lahore, Pakistan, Januari 1986. Kiliitwa Brain. Waliokitengeneza ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na duka la kompyuta na programu. Kirusi chao kiliingia kwenye sehemu ya mwanzo kabisa ya diski ya flopi, ile kompyuta husoma kabla ya kitu kingine. Jambo la kushangaza ni kwamba ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu, wakimwambia aliyeambukizwa awasiliane nao apate chanjo. Nani leo anaandika uovu wake na kuacha namba? Brain haikukusudiwa kufuta kazi za watu. Ilisafiri kwa mikono tu: mtu anamwazima mwenzake flopi, flopi inavuka bahari, simu zinaanza kulia Lahore.

Miaka 14 baadaye, tarehe 4 Mei 2000, kikatoka Ufilipino kile kilichoitwa ILOVEYOU. Hiki kilipita kwa barua pepe, kikijifanya barua ya mapenzi, na kwa siku chache kilizunguka dunia. Mwandishi wake, Onel de Guzman, alikuwa kijana. Hakufungwa, kwa sababu Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kumshtaki nayo. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitaka tu nywila za watu aweze kutumia intaneti bure, maana hakuwa na pesa ya kuilipia. Kuna jambo moja kwenye ILOVEYOU ambalo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Picha za watu kilizifuta kwa kuandika juu yake. Lakini nyimbo za MP3 kilizificha tu. Kiliweka faili bandia lenye jina linalofanana, na wimbo wenyewe ukabaki palepale ulipokuwa, hauonekani. Wangapi walidhani nyimbo zao zimekufa wakazifuta kabisa kwa mikono yao?

Hivyo viwili sikuvikuta. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2008, kompyuta nyingi nilizozijua Kericho hazikuwa na intaneti kabisa. Saiba za mjini zilikuwa nayo, bob moja kwa dakika, na ilikuwa ikitambaa. Maofisi, shule, nyumba za walimu na makarani wa kampuni za chai zilikuwa na kompyuta za Windows XP zilizonunuliwa mitumba Nairobi, zikakaa mezani bila kuunganishwa na chochote isipokuwa stima, na stima yenyewe ilipotea kila radi ilipopiga. Kwa hapa kwetu hiyo ni kusema karibu kila alasiri ya mvua.

Ungedhani kompyuta isiyo na intaneti iko salama. Ilikuwa kinyume. Muziki wa Kikalenjin, filamu, karatasi za mitihani iliyopita, barua za kuomba kazi: vyote vilipita kwa flashi. Flashi moja ingeweza kutoka Litein asubuhi, ikaguswa na kompyuta tatu mjini, ikalala Kapsoit. Na Windows XP ilikuwa na tabia moja ya upole uliopitiliza. Ukichomeka kitu, ilitafuta humo faili dogo lililoitwa autorun.inf na kufuata maagizo yake. Liliwekwa ili CD za programu zijifungue zenyewe mtu asihangaike. Waandishi wa virusi waliona mlango uko wazi wakapita. Ulikuwa ukibonyeza ikoni ya flashi mara mbili, unadhani unaifungua, kumbe unaendesha kirusi.

Wale wa umri wangu mnakumbuka folda iliyokuwa si folda. Unaona ikoni ya njano, ina jina zuri, mwisho wake ni .exe lakini Windows imeuficha mwisho huo. Mojawapo ya vile vya ukoo huo kilikuwa Brontok, kilichotoka Indonesia mwaka 2005. Kilijinakili kama folda, kikakufungia zile zana ambazo ungezitumia kukitoa, na ukijaribu kufungua baadhi ya madirisha kinazima na kuwasha kompyuta. Kilibeba pia ujumbe kwa Kiindonesia wa kukemea maovu ya jamii, ufisadi ukiwemo. Hata virusi vilikuwa na mahubiri.

Novemba 2008 kikaja Conficker. Hiki kilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Oktoba, mwezi mmoja kabla, na mwisho wa mwaka kikajifunza pia kupanda flashi. Novemba hiyohiyo jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake baada ya kirusi kingine kuingia kwa njia hiyo. Nilipokuja kusoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Pentagon na maabara ya kompyuta ya shule yetu walikuwa na ugonjwa mmoja.

Tofauti ilikuwa kwenye dawa. Kiraka cha Conficker kilikuwepo, bure, kwa yeyote aliye na intaneti na Windows halali. Antivirusi zilikuwepo, lakini antivirusi isiyopata masasisho ni kama askari aliyepewa picha za wezi wa mwaka juzi. Kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS mwezi Juni na SEACOM ikaanza kazi Julai. Kutoka Mombasa hadi kwenye sebule ya mwalimu wa Kericho kulikuwa na miaka mingine. Katikati tulitumia modemu za kuchomeka, na bando ya wiki nzima ingeweza kumezwa na masasisho ya antivirusi kwa usiku mmoja. Kwa hivyo tulizima masasisho. Baba mwenyewe ndiye aliyeniamuru niyazime: "Weri, hiyo kitu inakula pesa yangu."

Mwaka 2009 Microsoft ilianza kuifunga ile autorun ya flashi, na Februari 2011 ikasambaza marekebisho hayo kwa kompyuta za XP na Vista kupitia masasisho ya kawaida. Kwa yule aliyezima masasisho hakuna kilichobadilika. Virusi vilikuja kwa matatu, dawa ilikuja kwa waya, na waya haukuwa umefika.

Hapo ndipo fundi wa steji alipozaliwa, na nataka kumtendea haki. Hakuwa tapeli. Alikuwa na CD moja ya Windows iliyonakiliwa, bisibisi, na foleni. Hakuwa na intaneti ya kutafutia jina la kirusi chako wala ya kupakua kifaa cha kukitoa. Kuna kitu kimoja alichojua kingefanya kazi kila mara bila kukosa, nacho ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kwa kompyuta ya ofisi yenye barua tano hiyo ilikuwa tiba nzuri. Neno "fomati" likaingia katika lugha yetu kama Panadol. Kompyuta inachelewa? Fomati. Imegoma kuwaka? Fomati. Tukaliona kama uzoefu wa fundi, wala hatukuona kwamba lilikuwa umaskini wa vifaa.

Na hapa kuna kinaya ambacho kimenikaa. Shuleni mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa na bahasha za CD za Ubuntu kwenye kabati. Kampuni ya Canonical ilizituma bure popote duniani kwa posta, hadi Aprili 2011 ilipoacha. Tulizitumia kama vioo vya kuangazia jua dirishani. CD ile ungeiweka kwenye kompyuta yoyote mgonjwa, ukaiwasha kutoka kwenye CD yenyewe, na Windows pamoja na virusi vyake vikabaki vimelala kwenye diski. Ungefungua faili zako zote kana kwamba unamchungulia mtu aliyesinzia, ukazinakili, ukaondoka. Dawa ilikuwa ndani ya kabati yetu, kwenye bahasha, na haikuhitaji waya wowote.

Turudi kwenye flashi nyeusi. Mlango wa autorun ulipoanza kufungwa, waandishi wa virusi hawakuacha kazi, walibadilisha mbinu. Kama kompyuta haitaki tena kujifungulia yenyewe, basi mwenyewe ataifungua. Kuanzia kama 2011, na virusi kama Dorkbot, kisha Jenxcus, flashi ikaanza kuja na ile sura niliyoiona kwenye laptopu ya binamu. Kinachofanyika ni hiki. Kirusi hakigusi yaliyomo kwenye folda zako. Kinazipa alama mbili, alama ya kufichwa na alama ya mfumo, na Windows kwa desturi haionyeshi vitu vyenye alama hizo. Halafu kwa kila folda kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Wewe unabonyeza njia ya mkato, kirusi kinaamka, kinaingia kwenye kompyuta na kusubiri flashi inayofuata. Ndiyo maana uzito ni KB 1. Unachokipima ni kibao cha mlangoni, nyumba iko nyuma yake.

Kuzirudisha ni mstari mmoja. Unafungua dirisha jeusi la amri, na kama flashi ni E unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha unasubiri. Folda zinarudi. Unafuta njia za mkato na faili lolote usilolijua linaloishia .vbs au .exe, unasafisha pia kompyuta iliyoambukiza, basi. Niliona mwenzangu akifanya hivyo mwaka 2016, chumbani chuoni, kwa flashi ya msichana aliyekuwa analia juu ya tasnifu yake. Wote walishangilia. Mimi nilitoka nje.

Likizo iliyofuata nilimwomba baba ile flashi. Bado alikuwa nayo, na bado ilikuwa na nyimbo za kwaya. Kufomati kwa haraka hakufuti vilivyomo. Kunafuta orodha tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zenyewe hubaki hadi uandike juu yake. Nami niliandika juu yake, nyimbo baada ya nyimbo, hadi ikajaa. Nilipitisha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili, usiku kucha. Nilipata picha 11, saba kati yake zimekatika katikati. Na sauti moja, sekunde 19: jogoo anawika jikoni, na Kogo anamfukuza. Basi.

Ndipo nikamwambia baba ukweli. Hadi siku hiyo alikuwa anajua kwamba virusi vilikula sauti. Nilimweleza kwamba virusi vilificha, mimi ndiye niliyekubali zifutwe. Alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Huyo fundi alijua?" Nikamwambia sidhani. "Na wewe hukujua." Sikuelewa kama lilikuwa swali.

Ningeweza kusema ilikuwa sauti ya nyanya tu, kila mtu ana nyanya. Lakini Kogo alizaliwa kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, na alichokuwa akimweleza baba jioni zile ni ardhi: nani aliishi wapi kabla ya mashamba makubwa ya chai kufika pale, mito ilikuwa na majina gani, na jinsi watu wa ukoo wa Talai walivyochukuliwa mwaka 1934 na serikali ya kikoloni na kupelekwa Gwassi, kule karibu na ziwa. Yeye alikuwa mtoto, mengine alisimuliwa na mamake. Mwaka 2019, Tume ya Taifa ya Ardhi ilipotoa uamuzi kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai juu ya dhuluma hizo, watu wengi hapa walianza kuwatafuta wazee wenye kumbukumbu. Baba alikaa na daftari akijaribu kuandika alichokumbuka. Alijaza kurasa sita. Jina la kijito kimoja hajalipata hadi leo.

Siku hizi Kericho ina intaneti ya nyaya mitaani na Windows inajisasisha yenyewe ukitaka usitake. Flashi zimepungua. Mwaka 2018 Kenya ilipata sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, kwa hivyo de Guzman wa hapa hangeachiliwa kirahisi. Virusi navyo vimekua. WannaCry, Mei 2017, haikuficha mafaili. Iliyafunga kwa ufunguo na kudai malipo, na kwa ugonjwa kama huo mstari wangu mmoja wa attrib haufai kitu, kinachokuokoa ni nakala iliyo mahali pengine. Vingine havitaki mafaili yako kabisa, vinataka nywila zako na namba ya siri ya benki, na vinakaa kimya ili usivione.

Lakini utaratibu wa kukitoa salama haujabadilika sana tangu CD za kwenye kabati. Kwanza unakata intaneti, ili kisipeleke chochote nje wala kisipokee amri. Usibonyeze kile kidirisha kinachokuambia kompyuta yako ina virusi 37 na ulipe. Hicho mara nyingi ndicho kirusi. Halafu, kabla ya kutibu, unaokoa: unaiwasha kompyuta kutoka nje, kwa flashi ya Linux uliyoitengeneza kwenye mashine nzima, unanakili nyaraka na picha kwenye diski nyingine, programu unaziacha. Ndipo unaisaka kwa antivirusi yenye masasisho ya leo. Defender ya Windows yenyewe ina njia ya kusaka kabla Windows haijaamka, na kwa nyumba nyingi inatosha. Nywila unazibadilisha kwa simu au kwa mashine nyingine, kamwe si kwa ile mgonjwa. Kufomati kupo, na wakati mwingine ndiyo njia ya uhakika, lakini kunakuja mwisho, baada ya kufungua zile nakala na kuona zinafunguka.

Desemba iliyopita baba alinipigia. Laptopu yake ilikuwa inafungua matangazo ya kamari yenyewe, na yeye ni mzee wa kanisa. Nikaenda. Alikuwa amepakua programu ya kugeuza PDF kutoka mahali asipopakumbuka. Nilizima waifai, nikachomeka flashi ya Linux, nikaiwasha. Akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu, miwani puani.

"Usifute kitu bado."

"Sijafuta, baba."

"Nionyeshe zile zimejificha."

Nikabonyeza Ctrl na H, vilivyofichwa vikatokea kwenye skrini. Aliweka kidole kwenye kioo akaanza kuhesabu folda moja moja kwa Kipsigis, polepole, akirudi nyuma alipochanganyikiwa. Zilikuwa 31. Akaandika namba hiyo kwenye karatasi, akachomeka diski ya nakala yeye mwenyewe, na nilipomaliza kunakili akahesabu tena upande wa pili.

"Haya," akasema. "Sasa fanya."